Miaka ya Mzee Meno

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Kidagaa alichuchumaa mbele ya tangi la kioo sebuleni.

"Shikamoo, Mzee Meno."

Piranha yule, samaki mwenye meno makali na tumbo jekundu, alimtupia jicho moja, kisha akageuka zake. Hakuwa na adabu, lakini alikuwa samaki wa baba, na baba hakuwapo. Alikuwa mpishi katika meli ya mizigo. Kidagaa, aliyepewa na baba jina hilo la utani kwa wembamba wake, aliishi na shangazi yake, mpimaji wa maji katika maabara ya mji.

Jioni moja baba alipiga simu.

"Meno hajambo?"

"Hajambo, baba. Samaki kama yeye huishi miaka mingapi?"

"Huko mitoni kwao Amerika Kusini, yapata kumi, akibahatika. Ndege na mamba humwinda, na kiangazi vidimbwi hukauka. Kwenye tangi linalotunzwa vizuri anaweza kupita kumi na mitano. Nikirudi, nataka nimkute."

Kidagaa alishika neno moja tu: kumi. Meno alinunuliwa mwaka aliozaliwa yeye, na sasa alikuwa darasa la tano. Je, samaki akifa kabla ya baba kurudi?

Akaamua kumtia nguvu. Shangazi alimlisha Meno siku moja na kuruka nyingine. Kidagaa akaanza kumtupia kwa siri vipande vya nyama kutoka sahani yake. Meno hakuvimaliza. Mabaki yakaoza chini ya changarawe, maji yakawa kama yaliyooshewa mchele.

Jumamosi, shangazi akiwa kazini, Kidagaa alimhamishia Meno ndooni kwa wavu, akayamwaga maji yote. Alisugua sifongo la chujio kwa maji ya bomba mpaka likatakata, kisha akajaza tangi moja kwa moja kutoka bombani na kumrudisha Meno. Kioo kilimeremeta. Lakini shangazi aliporudi alimkuta Meno ameegemea changarawe, akitweta.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimepangusa kioo tu, shangazi."

Shangazi aliinama, akatazama. "Basi ni maradhi. Ngoja nikamletee dawa. Ni kali, lakini tutafanyaje?" Akachukua mkoba.

Kidagaa alimwona Meno akifumbua mdomo na kuufumba. Dawa kali, kwa ugonjwa asiokuwa nao! Shangazi alipofika mlangoni, ulimi ulifunguka.

"Shangazi, usiende! Nilimlisha kila siku. Nikabadilisha maji yote. Na sifongo nimelisafisha."

"Umemfulia samaki kama soksi?"

Kidagaa alitaka kucheka, akalia.

Shangazi hakupoteza muda kumbembeleza. Alijaza tangi upya kwa maji ya pipa la uani, yaliyokaa wazi siku kadhaa hata klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa katika maji ya bomba, ikatoka. Kisha akamtuma kwa jirani yao, muuza samaki wa mapambo, akaombe sifongo chafu.

"Chafu?"

"Chafu hivyo hivyo. Lina bakteria wanaoondoa sumu ya kinyesi na mabaki. Wa kwetu umewaua kwa klorini."

Siku zilizofuata Meno hakupewa chakula. Shangazi alipima maji asubuhi na jioni, akabadilisha sehemu ndogo tu kila mara. Kidagaa alikaa mbele ya kioo, kitabu kikiwa magotini bila kusomwa. Hatimaye, siku moja alipotoka shule, Meno alikuwa akielea katikati ya tangi. Shangazi alidondosha kipande kidogo cha samaki. Kikatoweka mara moja.

"Atamngoja baba?" Kidagaa aliuliza.

"Anaweza. Ana miaka mbele yake, tusipomharakisha sisi."

"Nilidhani nikimpa zaidi ataishi zaidi. Ninamtaka baba arudi, shangazi."

Shangazi aliketi chini kando yake, jambo asilolifanya mara nyingi.

"Najua. Hata mimi namtaka kaka yangu. Lakini hamu si kipimo, mwanangu. Mtunzaji huuliza kwanza, hutenda kwa kiasi, na akikosea husema mapema. Ungenyamaza, ningemtia dawa, naye angekufa mikononi mwangu. Kilichomwokoa ni ukweli wako."

Kidagaa alifuta macho. Jioni hiyo simu ilipolia, aliiwahi yeye.

"Baba," alisema, "Meno yu hai. Lakini kwanza nikueleze nilivyomfanya."