Friji Iliyovishwa Kitambaa

Mwanangu ni mpaka rangi. Watu wa mtaani wanamwita Amina Kuu, kwa sababu amina yake ya kanisani huisikia hata anayepita barabarani. Nimemzaa mwenyewe, namjua. Alipokuwa mchanga alilia kwa sauti hiyo hiyo.

Mke wake ni mkwe wangu, lakini nikisema naye namwita mwanangu. Mume wake akiniudhi namwita "yule". Yule akinung'unika, namwambia avumilie.

Tunaishi watatu katika nyumba ndogo. Kila asubuhi mkwe wangu huamka wa kwanza. Huchemsha chai, kisha hufungua friji na kutoa barafu alizogandisha. Wauza vinywaji huja kuzinunua dirishani. Huuza pia maziwa baridi. Faida anaipeleka benki, haigusi. Ni ya ada ya chuo cha uuguzi. Anaitamani kazi hiyo tangu yuko msichana. Hata sasa huniangalia miguu asubuhi na kusema, "Mama, imevimba. Jana ulikula chumvi." Na kweli, nilikula.

Sasa hiyo friji. Siku ya harusi yao, waumini walichanga wakawanunulia. Mchungaji akaiombea. Akina mama wa kanisa wakaifumia kitambaa kizito, kilichofunika juu na kushuka nyuma mpaka chini. Mbele kilining'inia kidogo, na hapo walidarizi kwa uzi mwekundu: MALI YA BWANA.

Mwanangu aliisukuma friji hadi ikagusa ukuta, ikae kwa heshima. Akasema, "Hii tumemkabidhi Bwana. Asiisogeze mtu."

Basi haikusogezwa, mwaka baada ya mwaka. Mkewe akitaka kufagia nyuma yake, yule huruka. "Acha! Utaiharibu!" Na kuta za watu anazisugua kutwa nzima kabla hajazipaka. Makubwa haya!

Mwaka huu friji ikaanza kunguruma bila kupumzika. Mlango ukawa haushiki vizuri, barafu zikawa laini kama uji. Maziwa yakachacha. Umeme tulionunua uishe mwisho wa mwezi, ukaisha katikati. Faida ya mkwe wangu ikawa inakwenda kununua umeme, na benki hakupeleka kitu.

Mwanangu akaongeza maombi. Aliweka mkono juu ya kitambaa, akaomba mpaka jasho likamtoka. Friji ikaendelea kunguruma.

Jioni moja tulikuwa mezani. Mwanangu akakohoa kidogo. Akikohoa hivyo, najua kuna neno.

"Mke wangu," alisema, "friji imechoka. Naona tuchukue zile fedha za chuo, tununue mpya."

Mkwe wangu aliweka kijiko chini. "Chuo kinafunga kupokea wanafunzi mwezi ujao."

"Utaenda mwaka kesho. Bwana atafungua mlango mwingine."

"Mume wangu, mlango wa friji tu umetushinda kufunga. Huo mwingine tutauweza?"

Nilicheka. Kisha nikamtazama usoni. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Mwaka jana pia aliambiwa mwaka kesho. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na mimi roho iliniuma sana.

Asubuhi sikungoja ushauri wa mtu. Nilimwita jirani yetu, mwanamke fundi wa friji. Wote wanamwita Baridi, ingawa maneno yake ni ya moto. Anaimba kwaya moja na mwanangu.

Alipoingia na kisanduku chake cha vifaa, alisimama jikoni, akaitazama friji. Akashika kiuno.

"Haya! Bibi harusi huyu ameolewa lini?"

"Usifanye mzaha, dada," mwanangu alisema. "Hiyo imewekwa wakfu."

"Nami sitaiondolea wakfu, kaka. Nitaiondolea blanketi."

Alichomoa waya kwenye umeme kwanza. "Hili msilisahau," alituambia. "Usiguse nyuma ya friji kabla hujaitoa kwenye umeme." Kisha akakikunja kitambaa, akampa mkwe wangu. Akamwita mwanangu, wakaivuta friji polepole.

Jamani! Nyuma kulikuwa na vumbi la kulimia. Mabomba membamba meusi hayakuonekana. Kulikuwa na utandobui, vifungo vya shati, na kijiko changu nilichomsingizia mpangaji wa jirani. Ukuta wenyewe ulikuwa umebabuka rangi kwa joto, nyumbani kwa mpaka rangi.

"Weka mkono hapa," Baridi alimwambia mwanangu.

Akaweka, akautoa haraka. "Pa moto!"

"Friji hufanya kazi moja. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje, kwa mabomba haya. Nyinyi mmeifunika, mkaibana ukutani, vumbi nalo likaikaba. Joto litoke wapi? Kwa hiyo inanguruma mchana kutwa na usiku kucha, na umeme unaisha. Haijazeeka. Inakosa hewa."

Kisha akaomba karatasi. Iliyokuwa karibu ni bahasha ya sadaka, tupu. Akaiweka kwenye ukingo wa mlango wa friji, akaufunga mlango juu yake, akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka bila hata kusita.

"Umeona? Mpira wa mlango hauibani. Baridi yote inapita hapa."

"Mpira umekufa?" mkwe wangu aliuliza.

Baridi akaupitisha kidole, akakitazama. "Haujakufa. Ni mchafu. Kuna maziwa ya mwaka juzi hapa. Maji ya vuguvugu na sabuni, kisha ukaushwe. Ungekuwa umechanika, tungebadilisha mpira peke yake, si friji nzima."

Mwanangu alikuwa amekwisha chukua kisu, aibandue barafu nene iliyoganda ndani.

"Weka chini!" Baridi alipiga kelele. "Ukitoboa hapo, hiyo mpya utainunua kweli. Acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe."

Mwanangu akakaa kwenye kigoda, mpole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo kwake ni nadra, "Mimi nilidhani ninamheshimu Mungu. Fungu la kumi natoa, sijaruka hata mara moja."

"Najua, kaka, na nakusifu," Baridi alisema. Sasa hakuwa anatania. "Ukishatoa moja, zinabaki tisa. Hizo ni za nani?"

"Zetu."

"Hapo ndipo ulipopotea. Na hizo tisa ni zake. Amekupa uzishike tu. Wewe ni wakili wake. Tajiri akikuachia ng'ombe, utamvika ng'ombe shuka, kisha umwite tajiri aje kumkamua?"

Mkwe wangu akaficha uso kwenye kitambaa. Mabega yalikuwa yanacheka.

"Kwa hiyo nisiombe?" mwanangu akauliza.

"Omba, tena sana! Lakini omba ukiwa umeshika brashi. Wewe ndiye wa kunifundisha mimi habari ya ufa na ukuta. Ukipaka rangi juu ya uchafu, inakuwaje?"

"Inabambuka."

"Basi, unajua kuliko mimi."

Yule akainuka. Akaleta brashi yake laini, mpya, ile ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuigusa. Akapiga magoti, akaanza kusugua yale mabomba taratibu. Mkewe naye akapiga magoti kando yake na beseni la sabuni, akasafisha mpira. Nikawaacha. Nilikwenda chumbani kulia kidogo, kwa furaha.

Baridi hakuondoka kabla ya kutuachia maagizo. Friji ikae mbali na ukuta, mkono upite. Chakula cha moto kipoe kwanza. Mlango usiachwe wazi mtu akiwaza atoe nini, na hapo alinitazama mimi. Vumbi lifutwe kila mwezi.

"Na kitambaa?" mkwe wangu aliuliza.

"Kitundikeni juu ya mlango wa jikoni. Kiwe kinasema juu ya vyote. Friji, umeme, na mifuko yenu."

Tangu siku hiyo, mshahara ukiingia tunakaa watatu chini ya kitambaa. Sadaka inatoka kwanza, kama zamani. Lakini sasa tisa nazo zinapangiwa kazi kabla hazijatoka nyumbani: chakula, umeme, chuo, na kidogo cha matengenezo, tunachotia katika kopo tupu la rangi. Bomba la bafuni lililovuja miaka yote limebadilishwa. Mwanangu amepaka upya ule ukuta wa jikoni. Aliusugua kwanza, nilimsimamia.

Na friji? Inanguruma kidogo, inanyamaza, inapumzika kama mtu mwenye akili. Barafu ni ngumu. Umeme unafika mwisho wa mwezi. Bahasha ya sadaka tukiibana mlangoni, haitoki mpaka uivute kwa nguvu. Fedha za benki hazikuguswa, na mkwe wangu alizilipa chuoni kabla hawajafunga.

Siku yake ya kwanza ya chuo, alitoka chumbani amevaa sare nyeupe. Nikamkumbatia mpaka akaniambia, "Mama, utaikunja."

Akaangaza macho. "Mume wangu yuko wapi? Nilitaka nifute vumbi la friji kabla sijatoka. Leo ndiyo siku ya kuifuta."

"Nenda, mke wangu," sauti ikajibu kutoka nyuma ya friji. "Huku nipo mimi."

Tukachungulia. Alikuwa amepiga magoti, brashi mkononi, vumbi puani, waya umechomolewa kama alivyofundishwa. Mkwe wangu aliinama na sare yake nyeupe, akambusu kwenye kipara.

"Mungu akutunze, mwanangu," nikamwambia mkwe wangu alipofika mlangoni.

Na kutoka nyuma ya friji ikaja amina ambayo mtaa mzima uliisikia.