Meno ya Mtamba wa Selina

"Mbuzi wameingia shambani."

Faith aliisikia sauti kwenye kidude kilichofichwa sikioni. Maana yake Fuso ya Shamte, mfanyabiashara wa Utemini, ilikuwa imeshaipita Itigi. Muda si mrefu ingefika Mitundu, na mifuko mia tatu ya chumvi ya ng'ombe ingesambaa kwa bodaboda hadi maboma ya ndani kabisa. Baada ya hapo nani angeikusanya?

"Isimamisheni," alinong'ona.

"Kwa kosa gani?" Alikuwa Yeremia, mkuu wake. "Karatasi zake safi. Maabara watajibu Alhamisi. Atasema na yeye kadanganywa huko nje. Nipe kitu kinachoonyesha anajua."

Faith akasogea katikati ya ng'ombe.

Mnada wa Ilongero ulikuwa umechangamka. Faith alivaa koti la buluu, fimbo mkononi, bastola ya Glock kiunoni, kamera kwenye kifungo. Mnunuzi kama wengine. Hakuwa na hofu. Hakuwa na hamu pia. Miaka kumi na moja ya ujasusi ilikuwa imemtia ganzi, na alishazoea.

Bibi Selina alikuwa anauza mtamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mfungue mdomo mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya umri."

Pale hakuna anayenunua ng'ombe bila kusoma meno. Faith alimbana mtamba taya. Meno mawili mapya ya mbele, ya miaka miwili. Yalikuwa ya kahawia na yanamomonyoka kama chaki iliyolowa.

"Chumvi ya Shamte?"

"Tangu ndama. Sasa hata bua la mtama linamshinda. Wenzake sita wako hivyohivyo. Nani atanunua?"

Haikuwa chumvi. Ilikuwa taka ya kiwandani iliyojaa floraidi, imevushwa mpakani kwa magendo. Ng'ombe mkubwa anaweza kukudanganya, maana jino lake limeshakomaa na halionyeshi sumu. La ndama bado linajengwa ndani ya taya, na kwa sumu hiyo linajengwa bovu.

Hatua chache mbele, Shamte mwenyewe alikuwa anatamba na dume lake changa la mbegu. "Kalelewa kwa chumvi hii hii, jamani!"

Faith akalifungua mdomo. Meupe. Hayana hata doa.

"Basi mpe alambe tuone," alisema kwa sauti kubwa. Akachana mfuko mmoja wa Shamte kwa kisu, akamwaga chumvi kwenye karai. Dume likatoa ulimi.

Shamte akavuta kamba.

Alivuta kwa mikono miwili, mpaka miwani yake ya Ray-Ban ikaanguka. "Ondoa uchafu huo! Utaniharibia dume!"

Wafugaji wakautazama mfuko, kisha wakamtazama yeye.

"Umepata, mkuu?" Faith alinong'ona.

"Nimepata," alijibu Yeremia sikioni. "Tunaisimamisha."

Mkono wa Shamte ulikwenda mfukoni. Glock ilikuwa imeshafika ubavuni mwake.

"Usijisumbue."

Pingu zililia, askari wakamchukua Shamte. Dakika tisa baadaye Yeremia alirudi hewani. "Mbuzi wametolewa. Hakuna mfuko ulioshuka."

Bibi Selina alimsogelea Faith. "Mwanangu, na haya meno? Yatapona?"

"Hapana, bibi. Hayo mawili ndiyo hayo. Ila mengine sita ya ukubwani hayajatoka. Ukiacha chumvi leo, ya mwisho huenda yakaja mazima."

"Nisimuuze, basi?"

"Mpe pumba. Msubiri."

Mtamba alimlamba Faith kiganja, anatafuta chumvi. Faith alijua ulimi ule unakwaruza. Hakusikia kitu. Akauacha mkono pale, alambwe tena, labda angesikia.

Kisha akajifuta kwenye koti, akawasha pikipiki yake ya Boxer, akaondoka.