Namba ya Athumani

Msimu wa maombi ya vyuo, stationari ya Raheli pale mtaa wa Chuno hujaa watu mpaka barazani. Saida, binti kutoka kijiji cha Mtawanya aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa anajaza maombi yake na amefika pale kompyuta inapodai namba ya simu ili itume ujumbe papo hapo, na simu yake imeisha chaji. Nyuma yake alisimama kijana wa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, Athumani, karani wa wakala wa mizigo bandarini.

"Weka yangu, dada," akasema. "Ujumbe ukija nitakupigia."

Ndivyo walivyoanza. Chuo kikituma neno, Athumani anapiga. Chuo kikinyamaza, anapiga vilevile. Walipokwenda Shangani kula pweza, Saida alivaa dera la njano, lakini kucha zilikuwa na grisi, maana asubuhi alifungua mashine ya baba yake ya kusaga mihogo. Athumani akamtania kwamba yeye ataoa fundi. Saida akamjibu kwamba anautaka uhandisi wa mitambo, na hatulii mpaka ausome. Athumani akacheka tu, kama hakusikia.

Majibu yakatoka. Saida amechaguliwa vyuo viwili, kimoja Dar es Salaam, kingine Mbeya. Mtu wa vyuo viwili lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Asipothibitisha, nafasi imekwenda, asubiri mwakani. Namba ya siri ikaingia kwa Athumani. Safari hii hakupiga.

Tuseme ukweli, alimpenda na aliogopa. Miaka minne ni mingi, na Dar kuna wanaume. Akajidanganya kwamba mwaka mmoja si kitu, amuoe kwanza korosho zikishauzwa. Saida alipompigia, hakupokea. Raheli akaiomba upya ile namba, ikaenda kulekule, na kubadilisha simu mtandao haukubali mpaka mtu athibitishe kwanza. Siku ya mwisho Saida alishinda stationari, mtandio umemshuka mabegani, analia bila kujificha.

Alasiri Athumani akaingia, shati limelowa jasho.

"Ilikuja tangu juzi," akasema. "Niliificha. Nilitaka ubaki."

"Ungeniomba nibaki, ningekujibu. Wewe ukaona unifungie mlango kimyakimya." Saida akavuta kiti karibu na kompyuta. "Haya, soma."

Akasoma tarakimu moja moja. Saida akaandika kwa mkono wake, akachagua Dar es Salaam, akangoja mpaka kioo kikaonyesha kwamba amethibitishwa. Ndipo akafuta machozi.

Raheli, asiye na haya hata kidogo, akauliza kama sasa aitoe namba ya huyu bwana, aweke ya Saida mwenyewe. Athumani akainamisha kichwa. Saida alikuwa na hasira naye, na bado anampenda, vyote kwa pamoja.

"Iache," akasema hatimaye. "Ujumbe wa mkopo na wa hosteli bado unakuja. Lakini ukinificha hata mmoja, Athumani, barua ya posa usiilete kwetu."

"Na nisipoficha?"

"Ilete. Ila uandike humo kwamba nasoma kwanza, baba aone."

Athumani akamgeukia Raheli, akaomba karatasi na kalamu.