Jini Linaloomba Kutua

Saa kumi kasoro alasiri, fleti ilinuka moshi wa makaa ya mawe, na humo hamkuwa na jiko ila la umeme. Ummi alikagua soketi zote, akarudi chumbani kwa Andrew, mzee wa Kiingereza aliyekuwa akimuuguza hapo Discovery Gardens, Dubai.

"Sir, kuna kinachoungua?"

"Ni nyumbani kwetu, baada ya vita," alinong'ona mzee. "Yai moja tuligawana watu wanne. Tulioga kwa zamu kwenye beseni la bati, mbele ya moto. Jini hutanguliza harufu unayoipenda."

Akasimulia kwamba alipokuwa askari wa miaka kumi na tisa, akiongoza ndege za jeshi kwa redio jangwani, sauti ilimwomba ruhusa ya kutua. Angani hakukuwa na ndege. Akaiamuru izunguke, isitue. Tangu siku hiyo jini hilo huomba tena kila siku saa kumi.

"Bila ruhusa haliwezi kutua. Lakini sauti yangu imekwisha, Ummi. Leo kataa wewe. Likiingia, litaniua."

"Inshallah, sir." Moyoni alicheka. Kumbe hata Wazungu wana majini!

Saa kumi ilipogonga, kicheko kilimkauka. Ndani ya kiyoyozi sauti ya mwanamume ilikwaruza kwa Kiingereza, ikiomba kutua.

"Zunguka!" Ummi alipaza sauti. "Zunguka! Khalas, basi!"

Sauti ikakatika. Ummi alijiona shujaa, akashusha pumzi, na moshi ukayeyuka taratibu, mahali pake pakajaa harufu ya mahamri ya iliki, yale ya asubuhi za Likoni, harufu tamu hata machozi yakamlengalenga, na kabla hajajiuliza nani anakaanga mahamri Dubai saa hizi, mlango ukagongwa polepole na sauti ya mama yake ikaita, "Hodi, mwanangu."

"Karibu!"

Lilimtoka lenyewe. Mtoto aliyelelewa Mombasa haachi hodi bila jibu. Ndipo akakumbuka kwamba mama yake alizikwa miaka minne iliyopita.

"Umeliruhusu," mzee alilia. "Ee Mungu, umeliruhusu."

Ummi alifungua kinywa amwombe radhi. Kikatoka Kiingereza kizito cha mwanamume: "Asante. Nimetua."

Alilia ndani kwa ndani, akimsihi Mola aizuie mikono yake, nayo ikiuchomoa mto chini ya kichwa cha mzee.