Sura ya Mwanaume Kwenye Kompyuta ya Evodia

—Huyo mwanaume ni nani, Evodia?

Derick alisimama mlangoni mwa duka la fulana, mtaa wa Kashai, kofia ya bodaboda mkononi. Mchumba wake alikuwa amekuza midomo ya kijana mmoja mpaka imejaa skrini, akiichora taratibu, mstari kwa mstari.

—Kazi ya mteja. Picha ya simu hii, ina ukungu. Nisipoichora upya kwa mistari safi, kwenye fulana yatatoka madoa matupu.

—Tangu asubuhi hupokei simu, kumbe unachezea midomo ya mwanaume!

—Derick, waitu, tafadhali, ni ka…

Kofi likamkata neno. La pili likamwangusha. Derick akaishukia skrini kwa kofia, vioo vikamwagika. Akamnyanyua Evodia kwa koo, akamlaza juu ya meza.

—Kwenu nimeshatoa mahari, wewe unampapasa mwingine mchana kweupe!

Evodia hakuwa na pumzi ya kujibu. Mkono wa pili wa Derick ulikuwa umeegemea ndani ya mashine ya kubandikia michoro kwenye fulana, chini ya bamba lililopashwa moto. Evodia akapapasa, akashika mpini wa bamba, akaushusha kwa nguvu zote.

Yowe lilisikika mpaka barabarani. Derick akaachia koo.

—Mawe, mama yangu! Kuna nini humu?

Alikuwa Georgina, mteja mwenyewe, kanga nyeusi kiunoni.

—Nimefuata fulana za kaka yangu.

—Kaka yako ndiye huyu hawara? Derick alifoka, akinyooshea kidole kompyuta.

—Hawara? Kahangwa amekufa juzi kwa ajali, Muleba. Kesho tunamzika Kishanda. Tulitaka tumvae kifuani.

Derick akapiga magoti, mkono umetoka malengelenge.

—Evodia, nisamehe mpenzi. Sikujua kama ni marehemu.

—Na angekuwa hai?

Derick akajaribu kumshika mguu; Evodia akarudi nyuma.

—Jibu, Derick. Angekuwa hai, sasa hivi mimi ningekuwa wapi?

Evodia akatema damu, akapiga simu kwao Kagondo.

—Mama, rudisheni mahari ya watu.

—Mwanangu! Kanisani mmeshatangazwa!

—Basi watangaze tena kwamba bwana harusi amenikaba koo.

Akakata.

—Dada, na fulana zetu? Georgina aliuliza kwa woga.

—Kimevunjika kioo tu, kaka yako yupo salama ndani ya kompyuta. Nitaazima skrini kwa jirani, jioni utazichukua. Lakini kwanza nisindikize polisi. Umeniona nilivyo, na yeye umemsikia; wewe ndiye shahidi wangu.