Makaburi Yetu Niliitoa na Mikono Mbili

Niko na miaka makumi sita na saba, niko mujane, ninaishi Kadutu. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primaire kule Nyangezi. Ninawaambia hivi mbele ya yote ili musishangae namna ninaandika. Kitu yenye ilinivunja roho si bwana, si shamba, si nyumba... ni karata.

Ndiyo, karata. Ucheke kwanza, halafu uendelee kusoma.

Mujukuu yangu Ansima nilimulea miye mwenyewe. Mama yake, mutoto yangu ya kwanza, alikufa wakati Ansima hajajua hata kutembea. Leo anasoma chuo kikuu. Wakati moja balimu baligoma, akashinda nyumbani, na tonton yake, ndugu ya baba yake mwenye kuishi Ulaya, akamutumia sanduku ya karata. Si zile za bafalme na bamalkia zenye batu banachezea mbele ya boutique. Hizi ziko na picha ya viumbe: nyoka ya mabawa, askari bila kichwa, na maneno kidogo ya Kifaransa kule chini.

Nikasema hii ni kamari. Nikakaa pembeni yake na ungo ya maharagwe, ninachambua huku ninamuchunga. Kumbe kuchunga njo kulinipoteza. Siku moja mudomo ukatoka wenyewe: "Ile nyoka, juu ya nini unamutuma peke yake? Hauone banamungojea?"

Ansima akaniangalia sana, miye koko yake, nyanya yake. "Koko, osha mikono ukuje ucheze."

Nikaosha mikono.

Niwaelezee kidogo, si mingi. Kila muchezaji anaweka viumbe vyake juu ya meza, vinapigana. Chenye kinakufa kinawekwa pembeni, kwa fungu yenye banaita makaburi, cimetière kwa Kifaransa. Kiumbe kikubwa kinaomba nguvu nyingi kabla kiingie mezani, na ile nguvu unaikusanya polepole, mpaka mwenzako amekumaliza. Njo shida yetu ilikuwa pale. Tulikuwa na viumbe vikubwa, tunakufa navyo mukononi kila siku.

Miye nikamuuliza Ansima, "Benye kuenda makaburi, banafanya nini kule?"

"Hakuna, koko. Bamekufa."

"Soma tena ile karata yenye picha ya mushumaa."

Akaisoma. Ile karata ilikuwa inasema: ondoa kiumbe moja katika makaburi yako, ukirudishe mezani. Haikuomba nguvu nyingi. Sasa kama ni vile, juu ya nini tuteseke kukiingiza kikiwa kizima? Tukitupe kwanza makaburini, halafu tukifufue! Tuliangaliana, tukaanza kucheka sawa bajinga.

Lakini kuitengeneza ile paketi, karata zenye tutaingia nazo kucheza... mama yangu. Tulitoa, tukarudisha, tukagombana. Tukiweka karata nyingi za kutupia viumbe makaburini, makaburi inajaa na hakuna karata ya kuvifufua. Tukiweka nyingi za kufufua, tunafufua nani? Ansima alipenda vikubwa tu. Nikamwambia nyumba yenye iko na bakubwa batupu, nani atachota maji? Tukaongeza vidogo vyenye kazi yao ni kufa. Vijana benye kuchezaka mashindano, kule kwa salle, chumba kubwa nyuma ya kanisa, balitupatia bure karata zenye beo benyewe balidharau. Baliniita Koko Makaburi. Sikukasirika.

Na kulikuwa Ng'ombe ya Mifupa. Kila mara kiumbe ingine inakufa, ile ng'ombe inasimama yenyewe kutoka makaburini. Mujini kote tuliona moja tu. Ansima alitoa nyoka zake zote za mabawa ili aipate. Siku ile alirudi nayo ndani ya Biblia yake ili isikunjike, akaniwekea juu ya mapaja. "Koko, hii ni ya shiye babili."

Shikeni ile neno. Ya shiye babili.

Kukatangazwa mashindano makubwa ya muji. Mwenye atashinda atavuka mupaka kule Ruzizi kuenda kucheza Kigali, na batoto ya inchi zingine. Ansima hajawahi kuvuka. Akatengeneza karatasi zake za safari, akafua jupe yake, ile sketi ya bluu, tukacheza kila mangaribi mpaka nikajua kila karata na macho yangu, bila kusoma.

Halafu mukwe yangu akakuja kunitembelea.

Ni mama ya Solange, na Solange njo ameolewa na mutoto yangu Déo. Batu ya kwetu munajua mukwe ni nani. Mukwe haumukatalie kitu. Mukwe haumuulize kitu yake iko wapi. Unamupatia kiti ya muzuri, unamupatia chai, unainamisha kichwa. Alikuja na mutoto yake ya mwisho, Esther, musichana ya adabu sana. Ansima alikuwa kwa chuo. Paketi ilikuwa juu ya meza, nafasi nilikuwa ninajifunza.

Esther akaona ile karata, macho yakang'aa. Kumbe naye anachezaka. Mukwe akatabasamu, akasema, "Maman Déo, Esther anapenda sana hizi vitu. Si umupatie aangalie kidogo?"

Kidogo! Ningesema nini? Ningesema ni ya Ansima? Mbele ya mukwe, chai yake bado ya moto? Nikafunga paketi ndani ya kitambaa ya safi, nikapiga magoti kidogo, nikamutolea na mikono mbili. Akaipokea na mikono mbili. Bakaenda nayo.

Nilijiambia atairudisha dimanche, akitoka misa. Dimanche ikapita.

Ansima aliporudi aliuliza mara moja. Nilipomwambia, hakulia, hakupiga kelele. Halafu akasema, "Koko, enda uiulize."

Mukwe banamuulizaka namna gani? Nikaita Déo nimutume. Akacheka mpaka akashika mulango. "Mama, miye nipigie mama-mukwe simu juu ya karata? Unataka nilale inje?"

Basi nikaenda miye mwenyewe. Nilibeba sahani ya sambaza, samaki zile ndogo za ziwa, nikifikiri akiniona tu atakumbuka. Tukaongea mvua. Tukaongea barabara ya Nyangezi namna imeharibika. Tukaongea magoti yetu. Na nyuma ya ukuta nilisikia karata zinachanganywa... frrr, frrr. Zetu! Nilizijua kwa sauti, juu tulizivalisha plastiki moja moja, miye na Ansima. Ilikuwa sawa kusikia mutoto yangu anapita nyuma ya ukuta, na miye ninakunywa chai.

Nikajikaza, nikasema, "Esther anaendelea vizuri na... michezo yake?"

"Vizuri sana, maman. Ile zawadi yenu ilimufurahisha sana."

Zawadi. Na munajua miye nilijibu nini? Nilisema asante. Nilisema asante, nikaaga, nikapanda Kadutu na miguu, ninajitukana njia nzima.

Siku ya mashindano Ansima aliingia na paketi ya mabaki, karata zenye zilibakia nyumbani. Hakuniomba nimusindikize, nilimufuata miye mwenyewe. Mukwe alikuwa amefika tayari, amenishikia kiti pembeni yake, akanipatia fanta. Nikaipokea. Na mikono mbili, ndiyo, tena.

Ansima alishinda wa kwanza kwa taabu. Wa pili, banamukalisha mbele ya nani? Esther.

Kule mwenye kuangalia hana ruhusa ya kusema. Esther akatupa, akafufua, akatupa, akafufua. Alicheza vizuri, sitadanganya. Ng'ombe ya Mifupa ikasimama mezani. Mukwe akanigusa kiwiko: "Unaona ng'ombe yake?"

Yake.

Ansima hakusumbuka. Aliacha makaburi ya Esther ijae. Aliiacha mpaka karibu viumbe vyetu vyote viko mule, kila kimoja nilijua tulikipata kwa nani. Nikaelewa anangojea nini. Kuko karata moja yenye inaondoa makaburi yote katika muchezo, na chenye kimeondoka hakirudi tena. Paketi sawa yetu ikikutana na ile, imekufa. Miye na Ansima tulikuwa tunaiogopa, tulikuwa tunaiongea kwa sauti ndogo sawa jina ya ugonjwa.

Akaiweka mezani. Na wakati anaiweka hakumuangalia Esther. Aliniangalia miye.

Esther akapoteza. Zamu yenye ilifuata, kijana moja ya mutaa ya Panzi akamupiga Ansima haraka, juu mabaki ni mabaki. Hakuna wa kwetu mwenye alivuka Ruzizi. Ile jupe ya bluu ilirudi kwa musumari.

Ingekuwa imeishia pale, singewaandikia.

Inje, kwa mulango, Esther akakuja na heshima yote, akamushika Ansima mukono. "Dada, asante juu ya zawadi. Siku moja unifundishe vile mulikuwa munaichezesha."

"Zawadi ya nani?" Ansima akauliza.

Mukwe akajibu pole, bila hasira. "Koko yako njo aliitoa. Na mikono mbili. Miye nilikuwa pale."

Bote bakanigeukia. Ansima naye. Neno moja tu lingetosha: hapana, nilikopesha. Nilikuwa nalo mudomoni... Nikamuona mukwe na kitambaa yake ya misa, na batoto bote bale banatusikiliza, nikawaza ndoa ya Déo, nikawaza haya.

Nikasema, "Ni kweli. Niliitoa."

Ansima akaachilia mukono ya Esther pole pole, akaenda.

Noeli ilipopita, mukwe alikuja kututembelea. Alileta kikapu: sukari, kitenge, na chini kabisa paketi ndani ya kitambaa yangu ya safi. Esther alikuwa amechoka na muchezo. "Hii ni zawadi yangu kwako, maman," akaniambia. Zawadi, karata zangu mwenyewe! Na nikapiga magoti, nikashukuru.

Nilimupelekea Ansima hata kabla mukwe hajafika barabarani. Hakuigusa. Akasema, "Ni yako, koko. Umepewa." Iko ndani ya kabati mpaka leo.

Bamama benzangu, musifikiri ninamulaumu mukwe. Aliomba, nikatoa. Aliita zawadi, nikasema asante. Mutu mwenye aliniibia hayuko. Nilikuwa ninafikiri heshima ni kunyamaza, na kila nikinyamaza ni mutoto analipa. Kitu ya mutoto si yako ya kuonyeshea heshima. Sema "ni ya mujukuu yangu, nitamuuliza." Chai haitamwangika. Mukwe hatakufa. Na kama umekopesha, sema umekopesha wakati kitu bado iko mukononi yako.

Ansima hajanikosea adabu hata siku moja. Ananiamkia, ananipikia, ananishikia mukono tukishuka ngazi. Ana paketi ingine mpya anatengeneza. Nikikaa pembeni yake na ungo yangu, anageuza karata kidogo upande wa ukuta.

Juzi nilimuuliza, pole tu, ndani kumewekwa nini.

Akasema, "Koko, nikikuonyesha, utamupatia nani?"

Nikainamia ungo, ninachambua maharagwe mpaka sasa. Weye mwenye unasoma, usingojee bajukuu bakuulize vile.