Swali Ambalo Baba Hakulifuta

Asubuhi nyumbani kwa seremala ilikuwa ya pilikapilika. Mama alimimina chai, Kitinda alitafuta kiatu chake cha pili chini ya kabati, na dada yake, Chiriku, alifunga mkoba wa shule. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu zamani alikuwa akiongea bila kituo. Lakini tangu karakana ya baba yake iungue, miezi minane iliyopita, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alifumbua mdomo kwa ugomvi tu.

"Mbona hujala, mwanangu?" mama alimuuliza.

"Niache!"

"Mjibu mama yako vizuri!" baba alifoka.

"Kwani wewe unajibu vizuri?"

Baba alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika. Kitinda, aliyekuwa na miaka sita, aliziba masikio. Kovu la moto lilionekana wazi kwenye mkono wake wa kulia. Ndivyo siku zilivyoanza katika nyumba ile: kufokeana, kununiana, kisha kila mtu kuondoka na kisirani chake.

Siku hiyo, mwalimu wa sayansi aliwasha mshumaa kuwaonyesha wanafunzi kwamba moto huhitaji hewa. Chiriku alipouona mwali, moyo ulimwenda mbio na jasho likamtoka.

"Mtazameni, anatetemeka kama kifaranga!" mwenzake wa dawati alicheka.

Chiriku alimsukuma kwa nguvu zote. Dawati lilipinduka, na mwenzake akapasuka mdomo.

Mwalimu mkuu aliwaita wazazi. "Simfukuzi," alisema. "Huyu mtoto ameumia mahali pasipoonekana. Pale kliniki yupo mshauri wa watoto. Nendeni familia nzima."

"Familia nzima? Aliyepigana ni yeye, mimi naumwa nini?" baba aliwaka. "Mwanangu si mwendawazimu!"

"Hakuna aliyesema hivyo, mzazi mwenzangu."

"Baba watoto, tutakwenda," mama alisema, kwa sauti isiyoacha nafasi ya mjadala.

Katika chumba cha mshauri kulikuwa na viti vitano vilivyopangwa duara. Mshauri, mama wa makamo aliyevaa miwani, hakuuliza nani mkosaji. Alisema tu, "Kila mmoja anieleze alikuwa wapi siku ya moto."

"Tumekuja kupoteza wakati," baba alinung'unika, mikono kifuani.

"Hilo si ndilo swali lako, Baba?" Chiriku alidakia. "'Ulikuwa wapi?' Uliniuliza mbele ya majirani wote, mdogo wangu akilia. Basi leo nakujibu! Nilikuwa naruka kamba. Mliniambia nimwangalie, nikamwacha akaingia karakanani. Mimi ndiye niliyemuunguza. Si ndivyo mnavyotaka niseme?"

Kitinda alisema polepole, "Lakini Dada, wewe hukuniunguza. Ni moto."

Mshauri alimtazama baba, asimsaidie hata kwa neno moja. Baba alishusha mikono. Alianza kusema, akakohoa, akaanza tena.

"Nilikuwa nachemsha gundi. Kopo la vanishi nililiacha wazi karibu na jiko, nikatoka kuzungumza na mteja. Moto ulianzia pale. Nimelijua hilo tangu siku ile."

Mama alimgeukia. "Ulijua? Ukamwacha mtoto abebe mzigo wako?"

"Niliona haya."

"Miezi minane!" Chiriku alipiga kelele. "Sitaki hata kukuona!" Alitoka mbio, mlango ukabamizwa nyuma yake.

Baba aliinuka, uso umemkunjamana, lakini mshauri alimzuia. "Usimfokee. Ana haki ya kukasirika. Kaa naye tu."

Baba alimkuta kwenye ngazi, akaketi hatua mbili kutoka kwake. "Nisamehe, mwanangu. Kosa lilikuwa langu. Sikupaswa kukuuliza vile."

Chiriku aligeuza uso pembeni. Lakini hakuondoka.

Hawakupona siku ile. Wiki iliyofuata walikwenda kliniki bila kusemezana njia nzima. Mshauri aliwapa kazi ya nyumbani: kila jioni, kabla ya kula, kila mmoja aseme jambo lililomwogopesha au kumkasirisha, na asikatizwe. Mama alijifunza kumwambia Chiriku kabla ya kuwasha jiko. Chiriku alijifunza kuvuta pumzi polepole hofu inapompanda. Baba alijifunza kutoka nje anapohisi hasira, kisha kurudi. Siku moja alishindwa, akafoka mpaka Kitinda akalia. Baadaye alirudi mwenyewe, akamwomba radhi. Na Chiriku alimwendea mwenzake wa dawati, akamwambia, "Nilikuumiza. Nisamehe."

Baada ya miezi minne, mshauri aliwaambia kwamba sasa wangeweza kuja mara moja moja tu.

"Mtoto akiumia moyoni, msimlete kwangu kama kiti kilichovunjika mguu, mkasubiri nje kitengenezwe," alisema. "Nyumba nzima inahitaji kutibiwa. Na tiba huanza pale mkubwa anapokubali kusema ukweli, hata kama unamwaibisha."

"Nimeelewa," baba alijibu, akiinama kidogo. "Ningeusema siku ile ile, mtoto asingeteseka hivi."

Walipotoka, Chiriku alitembea kando yake. "Baba, bado nina hasira kidogo."

"Niambie yote," baba alisema, akipunguza mwendo. "Nasikiliza."